Kiapo cha Dafrosa Uwanja wa Shule

Ukitaka kumjua Dafrosa Nibizi, mtazame anavyofagia. Wenzake wakipatwa na jambo zito hushika tama, au huenda kwa jirani wakalimwaga lote. Yeye huchukua ufagio. Akiwa na furaha anafagia mbele ya mlango tu, mara mbili tatu, anaacha. Akiudhika anafika mpaka kwenye bani la kukaushia tumbaku. Mwaka huu ninaousimulia alifagia mpaka barabarani, na majirani zake wa Ulyankulu, ambao hawapitwi na kitu, wakaanza kuulizana kulikoni.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwepesi wa miguu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani. Mama yake alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa naye mgongoni, kwa hiyo Burundi aliijua kwa kuhadithiwa tu. Vyote alivyoviona kwa macho yake alivionea hapa: msitu wa miyombo, tumbaku, ndoa, watoto, makaburi. Lakini kwa miaka mingi, ukimuuliza mkubwa wa ofisini Dafrosa ni nani, jibu lilikuwa neno moja: mkimbizi. Sasa huyo mtu hajakimbia popote maishani mwake. Alibebwa.

Mumewe, Viktori Ndayisenga, alikufa akiisubiri karatasi. Serikali ilipokubali kuwapa uraia, wengine walipata vyeti mapema na wengine majina yao yakachelewa, na Viktori alikuwa miongoni mwa waliochelewa. Kila akisikia gari la wageni linaingia alivaa shati lake la kola na kwenda kusimama barabarani. Masika moja homa ikamchukua. Vyeti vilipoletwa hatimaye, watu walikusanywa uwanja wa shule, na jina la Viktori likasomwa kwa kipaza sauti. Likasomwa tena. Ikabidi Dafrosa asimame mbele ya watu wote aseme, "Huyo hayupo." Kisha likasomwa la kwake. Akanyosha mkono wa kulia, akala kiapo pamoja na wenzake, Wimbo wa Taifa ukaimbwa, watu wakalia na kucheka kwa pamoja.

Tangu siku hiyo cheti chake kililala ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye sanduku la bati, chini ya kitenge cha harusi. Mara kwa mara alikitoa, akakiweka mahali penye hewa pasipo jua, kisije kikashika ukungu. Stela, mkwe wake, alikuwa akimtania kwamba karatasi ile inatunzwa kuliko wajukuu. Dafrosa hakuona cha kuchekesha hapo, na mimi namwelewa.

Basi wakaja watu wa chuo kikuu. Chuo gani, tuliache. Nia yao ilikuwa njema na sitaki kumwonea mtu. Walikuwa wakitafiti jambo linalowasumbua wakubwa: kwa nini mkulima anajua kabisa kwamba msitu unaisha, anakueleza mwenyewe jinsi mvua zilivyobadilika, halafu kesho yake anachukua shoka na kwenda kukata kuni za kukaushia tumbaku. Walikuwa wamesoma kwamba mtu akitamka ahadi mbele ya majirani zake, aibu humsukuma aitimize. Wakataka kupima kama ni kweli. Kwa lugha yao waliliita mabadiliko ya tabia, na sioni ubaya wake, maana tabia zetu nyingi kweli zinahitaji kubadilika.

Ubaya ulikuwa mahali walipochagua. Uwanja wa shule ule ule. Wakafunga turubai, wakaleta kipaza sauti, wakaanza na Wimbo wa Taifa kama sherehe yoyote inavyoanza. Mhadhiri mkuu akasimama, mtu mpole mwenye miwani, akazungumza juu ya misitu, juu ya watoto wetu watakaorithi jangwa, na juu ya wajibu wa kila raia mwema kwa nchi yake. Kisha majina yakaanza kusomwa, kaya baada ya kaya. Anayeitwa anakwenda mbele, anapewa mche wa mkalatusi, ananyosha mkono wa kulia, anasema: "Mimi fulani, ninaahidi mbele ya majirani zangu na nchi yangu kwamba sitakata mti wa msituni kwa ajili ya kukausha tumbaku." Wanampigia makofi, wanampiga picha, anapewa soda.

Vijana waliichukulia kama sherehe. Walinyosha mkono mmoja huku wa pili umeshaikamata soda. Lakini Dafrosa alipoitwa, alikwenda mbele kwa hatua ndogo ndogo. Uwanja ni ule, kipaza sauti ni kile kile cha kukoroma, mkono ni ule wa kulia, na wageni wametoka mbali na gari lenye maandishi mlangoni. Ikamjia mara moja kichwani, na haikutoka tena: wamekuja kuwahakiki. Wanataka kuona nani anastahili kile alichopewa. Akaitamka ahadi polepole, neno kwa neno, akarudi kwenye benchi akiwa ameukumbatia mche wake. Soda aliisahau mezani.

Aliyekuwa akiandika majina alikuwa binti mmoja anaitwa Urmi, mwanafunzi wa shahada ya pili, Mhindi wa Tabora mjini. Alipopita kuwaaga wazee akainama kidogo mbele ya Dafrosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe kwenu wapi?"

"Tabora mjini."

"Sawa, Tabora. Lakini kwenu hasa?"

Urmi akacheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa hivyo tangu darasa la kwanza. "Hasa ni hapo hapo, mama. Babu kazaliwa Tabora, baba kazaliwa Tabora, tuna duka la vitenge karibu na soko. Nikifukuzwa hapo sina pa kwenda."

Dafrosa akamshika mkono. "Basi wewe unatuelewa," akasema. "Niambie, mwanangu. Na atakayevunja?"

Urmi alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, koo limemkauka, na bado majina yalikuwa yanamsubiri. "Usivunje tu, mama," akasema kwa tabasamu. "Tutarudi kuangalia."

Akaenda zake. Hakujua ameacha nini nyuma yake.

Mvua zikaanza. Dafrosa aliupanda mkalatusi wake nyuma ya nyumba, akauzungushia miiba mbuzi wasiukaribie. Tumbaku nayo ikakubali mwaka huo, majani mapana kama kanga zilizoanikwa, na Prosperi, mwanawe, aliyekuwa analima shamba lile pamoja naye, akawa anapiga miluzi shambani. Kuhusu kuni hawakuwa na wasiwasi. Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kilikuwa kimeahidi kuleta lori la kuni za miti ya kupandwa kabla ya mavuno, na kila mtu aliyeapa alilitegemea lori hilo.

Mwezi wa tatu mto ukajaa, ukabeba kalavati. Lori likakwama ng'ambo likiwa na kuni zake zote. Na jani la tumbaku likishaiva halimsubiri mtu; usipolichuma na kulikausha linaunguzwa na jua, na likichumwa bila moto linaoza. Majirani wakatazamana siku moja, ya pili, kisha mmoja mmoja wakaanza kutoweka na mashoka yao kupitia nyuma ya nyumba. Wote walikuwa wameapa. Aibu waliyoisoma watu wa chuo sijui siku hiyo ilikwenda wapi.

"Mama, majani ya chini yameanza kuungua," Prosperi akasema. Walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa shamba.

"Lori litakuja."

"Lori liko ng'ambo. Dereva kalala chini ya turubai anasubiri maji yapungue."

"Basi na sisi tusubiri."

"Mama, kila mtu anakata! Umeona aliyefanywa kitu?"

"Wao hawakumsikiliza yule binti. Alisema watarudi kuangalia." Dafrosa akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. "Uliniona nimenyoshea mkono wapi? Pale pale. Aliyekupa kitu anaweza kukichukua, Prosperi. Vyeti vikichukuliwa, utawapeleka wapi watoto hawa? Burundi utamkuta nani anayekujua?"

"Mawe!" Prosperi akamaka kwa Kirundi, yaani mama wee, kama wanavyofanya nyumbani wakichoka na jambo. "Wale ni walimu, Mama. Walimu hawafukuzi watu nchini."

"Baba yako alikufa anaitwa mkimbizi," Dafrosa akasema.

Hilo lilikuwa linafunga kila ubishi katika nyumba ile. Prosperi akapiga teke donge la udongo, akaondoka. Mama akadhani amemwelewa.

Ijumaa ile Dafrosa alikwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba, maana ilikuwa Kwaresima. Alipokuwa anarudi aliuona moshi kwa mbali, unapanda sawasawa kutoka kwenye bani lake. Kwa mkulima yeyote wa tumbaku moshi ule ni furaha. Ni karo, ni bati la nyumba, ni kitenge kipya. Yeye moyo ulimlipuka. Akafika, akaona magogo yamepangwa kando ya tanuri, mazito, mabichi, mekundu kwa ndani. Mkalatusi hauna moyo mwekundu namna ile. Ilikuwa miyombo, na kwa wingi ule isingetoka kwingine ila kwenye hifadhi.

Prosperi alikuwa anachochea moto, jasho linamtiririka, na usoni alikuwa na ushindi wa mtoto aliyefanya jambo jema kwa siri. "Mama, yatakauka vizuri," akasema.

Alichukua ufagio.

Alifagia uwanja wote, akafagia kuzunguka bani, akafagia mpaka barabarani, na katika kufagia huko akalifikiri jambo lake mpaka mwisho. Nami nitalieleza kama alivyoliona yeye, kwa sababu baadaye watu walimwita mjinga na hakuwa mjinga. Alijua, kwa jinsi alivyoamini, kwamba watarudi kuangalia. Wakirudi na kukuta, watachukua vyeti vya nyumba nzima. Lakini mtu akijisalimisha mwenyewe, kabla hajaulizwa, mkubwa wa kaya akasema ni mimi, basi huenda watachukua cha kwake peke yake. Yeye ni mtu mzima. Maisha yake mengi ameyaishi bila karatasi; angeweza kumalizia yaliyobaki. Prosperi na watoto wangebaki. Ndiyo hesabu aliyoipiga, na ndani yake hapakuwa na hata chembe ya kutaka kumshitaki mwanawe.

Jumatatu asubuhi, bani bado linawaka, akatoa cheti sandukuni, akajifunga kitenge cha harusi, akaenda ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Mtendaji angekuwa peke yake, mambo yangeishia hapo. Angemwambia mama rudi nyumbani, acha kunichosha. Lakini siku hiyo alikuwa na wageni wawili, watu wa maliasili waliokuwa wanapita kukagua mipaka ya hifadhi. Walikuwa wanakunywa chai na chapati. Dafrosa alisalimia, akakiweka cheti mezani, katikati ya vikombe.

"Nimekuja kukirudisha," akasema. "Nimevunja kiapo. Chukueni changu. Vya mwanangu na wajukuu mniachie."

Mtendaji akakigeuza cheti huku na huku. "Mama, kiapo kipi?"

"Cha uwanjani. Nimekata miti."

Wale wawili wakaacha kutafuna. "Miti ya wapi, mama?" mmoja akauliza.

"Ya hifadhini."

"Umekata mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Yule bwana akaitazama mikono yake, mikono ya mwanamke aliyekwisha kupungua mwili, kisha akamtazama mwenzake. "Haya, mama," akasema kwa heshima kabisa. "Twende ukatuoneshe."

Hapo ndipo Dafrosa alipohisi kwamba kuna mahali amekosea, ila hakujua ni wapi. Alipanda pikipiki nyuma ya yule bwana. Njia nzima alirudia maneno yale yale: ni mimi, ni mimi. Walipofika, Prosperi alikuwa kifua wazi mbele ya tanuri, utomvu umemganda mikononi, shoka liko miguuni pake. Hapakuwa na la kuuliza. Dafrosa alimng'ang'ania yule bwana mkono wa shati, akapiga magoti kwenye uwanja alioufagia mwenyewe, akaapa kwa Mungu na kwa Bikira Maria kwamba shoka ni lake.

Prosperi hakuwatazama wale watu. Alimtazama mama yake, na kile kitenge cha harusi alichojifunga.

"Umewaleta wewe?" akauliza.

Wakamchukua. Moto ukafa bila mtu wa kuuchochea, kwa sababu Stela alikuwa analia na Dafrosa alikuwa amekaa chini hawezi kunyanyuka. Tumbaku iliyokuwa katikati ya kukauka ikageuka nyeusi, ikanuka nyumba nzima. Jioni mtendaji akaja mwenyewe na baiskeli yake, anahema.

"Mama, ulisahau karatasi yako mezani," akasema, akampa cheti.

Hakuna aliyekuwa amekitaka.

Prosperi alihukumiwa kulipa faini au kutumikia kifungo, na faini hawakuwa nayo, tumbaku ikiwa imeharibika. Akafungwa Tabora. Dafrosa alipanda basi kwenda kumwona, na ndani ya kikapu alibeba karanga za kukaanga, dagaa wa Kigoma na sabuni. Alifika mjini akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akakoswakoswa na bajaji, akapotea sokoni, akapita mbele ya maduka ya vitenge vilivyoning'inizwa mpaka nje. Akamkumbuka yule binti, akajiuliza lipi ni lao, akaona haya kuuliza. Akafika gerezani, akasubiri kwenye benchi na kina mama wengine.

Askari mmoja kijana akatoka, hajui aangalie wapi. "Mama, huyo kijana wako," akasema. "Anasema yeye hana mgeni."

"Umemwambia ni mama yake?"

"Nimemwambia."

Akaacha kikapu, akarudi. Ndani ya basi alilia waziwazi, bila kujifunika, na abiria mwenzake akampisha dirishani. Aliumia kuliko siku aliyomzika Viktori. Viktori alikuwa ameondoka akimpenda.

Agosti Prosperi akatoka. Hakurudi nyumbani kuishi. Alikuja kuchukua godoro, mkewe na watoto, akahamia ng'ambo ya bonde, kijiji cha pili, ambako rafiki yake alimpa eneo la kujenga. Si mbali. Asubuhi tulivu Dafrosa aliweza kuusikia mtwangio wa Stela kutoka kule. Wajukuu hawakuvuka. Siku za Jumapili alimwona mwanawe kanisani, upande wa wanaume, na wakati wa kutakiana amani Prosperi aliwapa mkono waliokuwa kulia na kushoto kwake, basi. Yeye jioni alibaki na mkalatusi wake, ambao ulikuwa umemfika kiunoni na ulikuwa unakwenda vizuri.

Oktoba gari lenye maandishi likarudi. Kweli walirudi kuangalia. Dafrosa alipoliona alikaa chini, maana alidhani sasa ndiyo mwisho. Urmi akateremka peke yake, na kishikwambi mkononi, amekonda kidogo. Akasalimia, akapewa kiti, akaanza kusoma maswali: msimu uliopita kaya yako ilitumia kuni za aina gani, je, ulijisikiaje ulipokumbuka ahadi yako mbele ya majirani.

Dafrosa akamjibu. Alieleza yote tangu lori mpaka kikapu cha karanga, bila kupandisha sauti. Mwanzoni Urmi alikuwa akigusa kioo, anajaza. Kisha vidole vikasimama.

"Mama," akasema, "kwa nini ulikwenda ofisini?"

"Si nilikuuliza? Nilikuuliza atakayevunja inakuwaje. Ukasema mtarudi kuangalia."

Urmi alikumbuka. Uso ulimbadilika rangi, akakizima kishikwambi na kukiweka chini mchangani. "Mama, kile hakikuwa kiapo," akasema. "Hakihusiani na serikali. Hakihusiani na vyeti. Tulitaka kuona tu kama watu wakiahidi hadharani wanapunguza kukata. Vijiji vingine viliahidishwa, vingine havikuahidishwa, ili tulinganishe."

"Nani alichagua?"

"Kompyuta. Kama kura."

Dafrosa akatazama ng'ambo ya bonde, ambako moshi wa jikoni kwa Stela ulikuwa unapanda. "Wale pale hawakuapishwa?"

"Hapana, mama."

"Wakikata?"

"Wanakata. Sisi tunaandika tu."

Hasira ilimpanda Dafrosa, hasira ambayo hakuwahi kuijua, na alishindwa aielekeze kwa nani. Binti aliyekuwa mbele yake alikuwa analia. Akasimama. "Twende ukamwambie Prosperi," akasema. "Mimi hataniamini. Mwambie ulivyoniambia."

Urmi akajifuta macho kwa ukingo wa mtandio. Ikaonekana wazi kwamba naye ana wakubwa anaowaogopa. "Mama, utafiti haujaisha. Bado wiki mbili. Watu wakisikia sasa, majibu yote yataharibika. Ngoja nimwandikie mwalimu wangu, akiniruhusu..."

"Nyosha mkono."

"Mama?"

"Nyosha mkono wa kulia. Uape kwamba leo hii utamwambia."

Urmi akaupandisha mkono mpaka usawa wa bega. Ukasimama hapo. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nikiapa, itabidi nifanye."

"Eee," Dafrosa akasema. "Ndivyo ilivyo."

Urmi akaushusha mkono. Hakuapa. Akaokota kishikwambi chake, akapangusa mchanga, akasema, "Twende," na wakateremka bondeni kwa miguu, mwanamke mzima mbele, binti nyuma.

Prosperi alikuwa anakandika bani jipya, matope mpaka kwenye viwiko. Stela akampigia mama mkwe goti na shikamoo yake, na wajukuu wakamrukia Dafrosa miguuni kwa kelele, hawajui lolote la wakubwa. Urmi akasimama mbele ya ukuta mbichi, akasema yote. Hakujitetea. Alisema pia jibu alilompa Dafrosa siku ile juani, na kwamba kosa lile ni lake.

Prosperi alisikiliza mpaka mwisho huku tope likimkaukia mikononi. "Dada," akasema, "mimi hilo nililijua tangu mwanzo. Nilimwambia, wale ni walimu." Kisha akamgeukia mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ya tanuri. "Mama, ninalo swali moja tu. Kama kingekuwa kiapo cha kweli, cha serikali kabisa, ungekwenda ofisini?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Stela alikuwa anamwomba kwa macho aseme hapana. Neno lile lingemrudishia mwana, wajukuu, sauti ya mtwangio uani kwake, na hakuna ambaye angeweza kumsuta. Dafrosa alilifikia kabisa mdomoni. Lakini alimwona Viktori na shati lake la kola, amesimama barabarani.

"Ego," akasema kwa Kirundi. Ndiyo. "Ningekwenda. Lakini nilikwenda kujitoa mimi, Prosperi, si wewe."

Prosperi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokitarajia. Hakukasirika. Akachota tope, akalibandika ukutani, akalisawazisha kwa kiganja. Urmi alikuwa amesimama kando na kishikwambi chake.

Basi Dafrosa akafanya anachofanya siku zote. Aliuona ufagio wa Stela umeegemezwa mlangoni, akauchukua, akainama, akaanza kufagia vipande vya tope vilivyodondoka uani. Alifagia mpigo wa kwanza, wa pili.

"Mama, uache," Prosperi akasema. Alisema kwa upole, kwa adabu, kama mtu anavyomzuia mgeni asijisumbue. "Hapa si kwako."

Dafrosa akaurudisha ufagio mlangoni, pale pale alipoukuta.